"Toa Upepo Kwanza!"

KIJANA akikaa nyumbani bila shughuli, hata kuta za nyumba humchoka. Hilo nililishuhudia Septemba mwaka wa 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walipoweka chaki chini na kugoma kwa takriban wiki saba. Kifungua mimba wangu, ambaye husomea uhandisi wa mitambo, alirejea kwetu Buruburu akiwa na begi la nguo chafu na uso uliokunjamana. Siku tatu za kwanza alilala. Siku ya nne akaanza kugombana na dada yake juu ya rimoti ya televisheni. Siku ya tano mama yao akaniambia, kwa ile sauti yake ya upole ambayo mimi huiogopa kuliko kelele, "Baba nanii, mtafutie mwanao kazi kabla sijamtafutia mimi."

Kazi ilikuwepo. Nyuma ya nyumba yetu tuna stoo ndogo, na ndani ya stoo hiyo, chini ya gunia la makaa na baiskeli isiyo na mnyororo, palikuwa na magurudumu manne ya gari. Niliyapata pamoja na Toyota Mark II kuukuu niliyonunua mwaka wa 2011. Gari lenyewe liligongwa ubavuni mwaka wa 2017 nikaliuza kwa vipuri, lakini magurudumu nikayang'ang'ania. Kila Januari niliapa kuyatengeneza. Kila Desemba yalikuwa palepale, panya wakiyafanya nyumba ya kupanga. Siku hiyo nikamwambia kijana: "Yatoe, uyatengeneze, ukipata mnunuzi pesa ni zako." Alikuwa akililia tarakilishi mpya tangu mwaka wa kwanza. Hakungoja niseme mara mbili.

Huenda wewe msomaji hujawahi kulichunguza gurudumu la gari. Mengi ni kitu kimoja tu, ama chuma kilichochomelewa, ama alumini iliyomiminwa kwenye kalibu ikatoka nzima. Haya yangu yalikuwa ya vipande vitatu. Kipande cha katikati, chenye mikono kama nyota, ndicho kinachofungwa kwenye gari. Cha pili ni ukingo wa nje, ule unaong'aa, ambao vijana huuita mdomo. Cha tatu ni ngoma ya ndani, isiyoonekana, inayoelekea uvunguni mwa gari. Vyote hushikanishwa kwa boliti ndogo ndogo zilizopangwa kwa duara kama shanga. Yangu yalikuwa na boliti 30 kila moja, yaani 120 kwa jumla. Kwenye kiungo hupakwa silikoni ili upepo usitoroke, kwa maana tairi lake halina tyubu.

Kijana alinifungulia darasa pale pale stoo. Alisema magurudumu ya namna hii yalipata umaarufu katika mashindano ya magari. Dereva akilipiga ukingo wa barabara, mafundi hubadilisha kipande kilichopinda, si gurudumu zima. Wakitaka tairi pana zaidi, wanaweka ngoma pana zaidi na kuirudisha nyota ile ile. Akanitajia kampuni ya Ujerumani iitwayo BBS, iliyoanzishwa mwaka wa 1970 katika mji mdogo wa Schiltach, ambayo jina lake ni herufi za kwanza za waanzilishi wawili, Baumgartner na Brand, na za mji wenyewe. Mwaka wa 1983 ilitoa gurudumu la vipande vitatu la magari ya kawaida lililoitwa RS, na hadi leo kuna watu wanaolitafuta kwa udi na uvumba. "Haya yetu ni ya Kijapani," akasema akikwaruza masizi kwa ukucha, "lakini ni ndugu wa karibu."

Nilifurahi kumwona akizungumza tena. Sikujua kwamba mtu mwingine pia alikuwa akisikiliza.

Baba yangu mzazi anaishi nasi tangu mama alipofariki. Ana miaka 77. Asubuhi hukaa kibarazani kwenye kiti chake cha kamba, redio mapajani, akiota jua. Jicho lake la kushoto halioni, na mkono wake wa kushoto umebaki na vidole viwili, gumba na cha mwisho. Sisi watoto wake tulikua tukijua kwamba hiyo ni "ajali ya kazi", basi. Alikuwa fundi wa matairi ya malori kando ya barabara ya Mombasa, pale Mtito Andei, na ukimuuliza zaidi aliongeza sauti ya redio. Wajukuu nao walikwisha kufundishwa wasiulize.

Sasa, kijana alianza vizuri. Alitaka kujua kwanza ni lipi linalovuja na linavujia wapi, kwa hivyo akayajaza upepo yote manne kwa pampu ya miguu hadi pauni 30, akalitumbukiza la kwanza katika karai kubwa la kufulia. Viputo vikaanza kupanda, si kwenye vali, si kwenye mdomo wa tairi, bali kwenye mstari wa boliti. Silikoni ilikuwa imekauka na kupasuka. Akalitoa, akalilaza juu ya gunia, akachukua soketi na kuanza kulegeza boliti zilizokuwa upande wa viputo, ili aione ile silikoni. Moja, mbili, tatu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nikinywa chai. Sikuona ubaya wowote.

"Toa upepo kwanza!"

Sijawahi kumsikia baba akipiga ukelele vile. Redio ilianguka sakafuni ikafunguka, betri zikabiringika hadi langoni. Mzee alikuwa amesimama bila mkongojo, mkono ule wa vidole viwili ukiwa mbele yake kama anayezuia kitu kisimpige. Kijana aliitupa soketi akarudi nyuma. Mke wangu akatoka jikoni mwiko mkononi.

"Toa kile kisindano cha vali," baba akasema tena, sasa kwa sauti ya chini. "Kitoe kabisa. Ngoja mpaka usisikie kitu. Kisha weka sikio usikilize tena."

Kijana alikitoa. Upepo ulifoka, ukapiga mluzi, ukaisha. Hakuna aliyesema neno. Ndipo baba akaketi, na katika muda wa kikombe kimoja cha chai kilichopoa bila kunywewa, akatusimulia jambo ambalo mimi, mwanawe wa miaka 52, sikuwa nimelisikia.

Magurudumu ya malori ya siku hizo, na ya baadhi ya malori makuukuu hata leo, yalikuwa ya vipande pia, ila si kwa ajili ya urembo. Tairi la lori ni gumu mno kulivukisha ukingo wa rimu kwa mtaimbo kama la gari dogo. Kwa hivyo upande mmoja wa rimu hufunguka. Kuna ringi ya pembeni, na kuna ringi nyingine nyembamba iliyokatwa mahali pamoja, ambayo hukaa katika mfereji na kuifungia ile ya kwanza. Unatoa ringi, unatoa tairi, unaziba tyubu, unarudisha. Upepo ukijaa, tairi lenyewe ndilo linaloisukuma ringi ikae imara. Lakini mfereji ukiwa na kutu, au ringi ikiwa imepinda, au ikiwa haijakaa sawa hata kwa upana wa kucha, upepo ule ule unaoishikilia ndio utakaoirusha.

Ilikuwa mwaka wa 1986. Lori la saruji liliingia jioni, dereva akipiga honi akitaka kufika Mombasa kabla ya mapambazuko. Baba alikuwa na mwanagenzi wa miaka 17, mtoto wa jirani yetu kijijini, ambaye mama yake alimkabidhi kwa baba ili ajifunze kazi. Waliziba tyubu, wakarudisha ringi. Baba aliona upande mmoja ringi haikuzama vizuri. Aliiona. Hilo alilirudia mara mbili. Mazoea ya mafundi wa barabarani yalikuwa kujaza upepo huku ukiigonga ringi kwa nyundo mpaka ikae. Akamwambia kijana ashike mpira wa kampresa, yeye akashika nyundo.

"Sikusikia mlio," baba alisema. "Watu waliokuwa hotelini wanasema waliusikia. Mimi nilijikuta nimelala, nikiangalia mbingu kwa jicho moja."

Ringi ilimpata yule kijana kifuani. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Mwanangu, kama wanavyofanya wasomi wanapokosa la kusema, alianza kupiga hesabu kwa kijiti mchangani. Lori hujazwa takriban pauni 100 kwa kila inchi ya mraba. Ukichukua inchi za mraba 300 tu za ubavu wa tairi, hizo ni pauni 30,000, yaani zaidi ya tani 13 zikiisukuma ringi. Baadaye usiku alinionyesha kwamba Marekani ilitunga kanuni mwaka wa 1980 zinazomlazimu fundi kukitoa kisindano cha vali na kumaliza upepo wote kabla ya kufungua magurudumu ya ringi, na kuyajaza yakiwa ndani ya kizimba cha chuma. Mwaka wa 1980! Miaka sita kabla ya jioni ile ya Mtito Andei. Nilimwomba asimwonyeshe babu yake.

Jambo moja lilinikosesha usingizi. Mwaka wa 1989, nikiwa kidato cha pili, nilirudishwa nyumbani mara tatu kwa sababu ya karo. Nilijua mama huuza mbuzi kila muhula, na nilijua pesa hizo hazikuja kwangu zote. Kuna boma alilokuwa akipeleka bahasha. Nilikasirika kwa miaka. Nilidhani mambo ambayo mtoto wa kiume hudhani juu ya baba yake. Kumbe zilikuwa karo za dada wawili wa yule kijana.

Asubuhi yake nilitarajia kazi ya magurudumu imekufa. Nilikuta baba amehamisha kiti chake kutoka kibarazani hadi mlangoni pa stoo.

Nitasimulia kazi yenyewe kwa ufupi, kwa kuwa wapo vijana watakaotaka kuijaribu. Kwanza, matairi yalipelekwa kwa fundi wa matairi yakatolewa, baada ya kuhakikisha hayana upepo hata chembe. Kisha kila gurudumu likatiwa alama kwa msumari kwenye vipande vyote vitatu, ili kila kipande kirudi mahali pake pa zamani. Boliti zililoweshwa mafuta ya kupenya usiku kucha. Chuma na alumini vikikaa pamoja miaka mingi penye unyevu hutafunana, vikatoa unga mweupe unaoshika kuliko gundi. Boliti sugu zilimwagiwa maji ya moto, na hata hivyo tano zilikatika. Jirani mmoja mwenye nia njema alituletea magadi makali ya kutengenezea sabuni, akidai yatabambua rangi kwa dakika moja. Kijana akayakataa katakata, kwa maana magadi hayo huila alumini yenyewe. Tulitumia dawa ya kubambua rangi iliyouzwa kwa kazi hiyo, nje, penye hewa, tukiwa na glavu.

Silikoni ya zamani ilikwanguliwa kwa kipande cha plastiki, wala si kwa kisu, kwa kuwa mkwaruzo mmoja tu kwenye kiungo ni njia ya upepo. Halafu ukaja msasa. Ee Mola, msasa! Namba 240, kisha 400, kisha 800, kisha 1,200 ukiwa umelowa maji, kila mdomo mmoja ukimaliza jioni nzima. Binti yetu aliyekuwa akicheka mwanzoni alijikuta amepewa mdomo wake mwenyewe. Mikono yetu ilikuwa myeusi kiasi kwamba mke wangu alitukataza kugusa taulo.

Kwa boliti mpya tulienda barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe wa jiji bado huiita Grogan. Muuzaji wa kwanza alitupa boliti za bei rahisi zinazong'aa ajabu. Mwanangu akazigeuza vichwa akaniambia, "Baba, hazina namba." Boliti ya kazi nzito huwa na namba ya nguvu kichwani, kama 8.8 au 10.9, isiyo na kitu, hujui itakatikia wapi. Tulizunguka maduka manne kabla ya kupata zilizofanana na za zamani kwa urefu, uzi na namba.

Siku tuliyokuwa tayari kupaka rangi, baba akatuzuia.

"Mmezikagua nyufa?"

Kijana akasema amezitazama kwa kioo cha kukuza na tochi. Mzee akatikisa kichwa. Ujanani mwake, kabla ya Mtito Andei, alikuwa kibarua katika karakana ya reli hapa Nairobi, na huko aliona mafundi wakikagua vyuma kwa mafuta ya taa na chaki. Aliagiza vitu hivyo viwili. Mafuta yalikuwa jikoni, nayo chaki ilitoka mkobani mwa mke wangu ambaye ni mwalimu wa msingi, na hakuwa amegoma.

Njia ni rahisi kama mchezo wa watoto. Unasafisha chuma mpaka kiwe hakina grisi wala vumbi. Unakipaka mafuta ya taa, unakiacha saa nzima ili mafuta yapenye popote yanapoweza kupenya. Unakipangusa mpaka kikauke kabisa. Kisha unakipaka unga wa chaki kote, ukigongagonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hurudi nje yakailowesha chaki. Mwanangu alisema chuoni wana dawa ya rangi nyekundu inayofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Babu yake akasema, "Basi mmeiboresha kwa rangi."

Nyota tatu zilibaki nyeupe. Ya nne ilichora mstari. Ulianza kwenye tundu la nati ya kufungia gurudumu kwenye gari, ukapanda kwenye shina la mkono mmoja, mwembamba kama unywele, urefu wa kidole changu cha shahada. Niliisugua chaki nikairudia mwenyewe, nikidhani ni mafuta niliyoacha. Mstari ukarudi pale pale.

Ufa ungekuwa kwenye ngoma au kwenye mdomo, ndio uzuri wa gurudumu la vipande, ungetafuta kipande kingine. Lakini nyota ndiyo inayobeba gari. Fundi mmoja wa Kariobangi alituambia angeichomelea kwa gesi na "isionekane hata na daktari." Mwanangu akamuuliza kama angeipasha moto upya tanurini baada ya hapo, kwa kuwa alumini iliyoimarishwa kwa moto hupoteza nguvu zake kando ya mahali ilipochomelewa. Fundi akatutazama kama watu waliokosa kazi. Kwa kweli tulikuwa tumekosa.

Hata hivyo tuliyamaliza yote. Matatu kwa ajili ya barabara, na la nne, kijana alisema, kwa ajili ya kukamilisha. Rangi haikupakwa kwenye nyuso zinazokutana, kwa maana rangi nene ikibanwa hulegea baadaye, na boliti nazo hulegea. Boliti zilikazwa kwa mtindo wa msalaba, moja huku, nyingine ng'ambo yake, mizunguko mitatu, na mzunguko wa mwisho kwa spana ya kupimia nguvu tuliyoazima, tukifuata kipimo cha mtengenezaji. Silikoni ilikuwa ile isiyonuka siki, kwa kuwa inayonuka siki huweza kukila chuma. Ikalainishwa kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, ikaachwa siku mbili. Vali mpya. Matairi yakarudishwa, upepo ukajazwa, karai likaletwa. Baba aliinama akaliangalia lile maji kwa jicho lake moja mpaka shingo ikamuuma. Hapakuwa na kiputo hata kimoja, hata kwenye lile la nne.

Na hapo ndipo mnunuzi alipokuja.

Alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, aliyeona picha kwenye simu ya rafiki yake. Aliyazunguka magurudumu mara mbili akipiga ulimi. Akasema Sh45,000 kwa yote manne, papo hapo. Mwanangu akamweleza kwamba moja lina ufa, akamwonyesha upande, ingawa chini ya rangi hakukuwa na cha kuonyesha.

Mnunuzi akainama, akasugua kwa kidole, akacheka. "Kaka, mbona unajiharibia biashara? Mimi sioni kitu. Nitaliweka nyuma. Kama ni ufa, ni wangu."

Sitakuficha, msomaji: nilinyamaza. Nilikuwa na bili ya umeme mfukoni, na nilijua bei ya ile tarakilishi kwa sababu nilikuwa nimeizungukia dukani mara mbili. Nikajiambia kwamba mtu mzima ameambiwa ukweli naye amekubali, sasa kosa langu liko wapi? Nikajiambia kwamba ufa ni mdogo. Nikajiambia kwamba hesabu za mwanangu ni za darasani. Baba alikuwa mlangoni pa stoo na hakusema lolote. Hakuhitaji kuniangalia. Alikuwa ameuweka ule mkono juu ya goti, basi.

"Wewe umeambiwa," mwanangu akamjibu mnunuzi. "Watakaokaa kiti cha nyuma hawajaambiwa. Nauza matatu."

Matatu mnunuzi hakuyataka. Aliondoka akitikisa kichwa, na nakiri kwamba usiku huo mwanangu hakula, akaufunga mlango wa chumba chake kwa kishindo kilichoamsha jirani. Si kila anayefanya jambo la haki hulala kwa furaha. Wiki iliyofuata mgomo ulikwisha, akarudi chuoni na tarakilishi yake ile ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Magurudumu matatu aliyachukua mtu wa Kayole, ambaye tayari alikuwa na la nne la aina hiyo, kwa Sh24,000.

Lakini kabla kijana hajaondoka, kulikuwa na kazi moja iliyobaki. Nilikuwa nimeshamwita mnunuzi wa vyuma chakavu alichukue lile la nne. Baba akauliza litaenda nalo wapi. Nikasema kwenye mizani, kisha kwenye tanuri. "Likiwa zima namna hiyo, linalong'aa hivyo?" akauliza. "Kesho liko Grogan."

Kwa hivyo tulilifungua upya. Kijana alitoa upepo, akakitoa kisindano, akaweka sikio. Tairi likatolewa, boliti 30 zikarudi kwenye kopo. Tukaibana nyota kwenye meza, nikashika msumeno wa chuma, lakini mzee akaunyoosha mkono wake wa kulia akautaka. Kwa mkono wa kushoto, kwa vile vidole viwili, akaikamata nyota isitetemeke. Alikata mkono wa kwanza polepole, akapumzika, akakata wa pili. Unga wa alumini ulimwagika juu ya viatu vyake. Mkono wa tatu ulikuwa ule wenye ufa, nao haukumaliza kukatwa; ulivunjika wenyewe, ghafla, na ndani yake tukaona chuma kimekwisha kuwa cheusi zaidi ya nusu.

Baba alikiokota kile kipande akakigeuzageuza juani. Kisha akalitaja jina la yule mwanagenzi wake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aje aone kitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia. Sitaliandika hapa, kwa kuwa mama yake bado yu hai, na Desemba baba aliomba tumpeleke kwake.